Nani alikata mlima?

SWALI: Mhariri shikamoo, dada yangu yuko Cape Town kanitumia picha ya Table Mountain, juu flati kabisa. Sisi huku Mbale tumezoea Elgon. Nani kaukata? – Msomaji, Mbale

JIBU: Marahaba. Hakuna mtu kaukata. Ule ni mchanga wa zaidi ya miaka milioni 400, ulilala tabaka juu ya tabaka kama chapati za muuza rolex (ile chapati ya kukunjia mayai), ukagandamana ukawa mwamba mgumu, na tabaka zenyewe mpaka leo zimelala karibu sawa, ndo maana juu, kama mita 1,085 hivi, kuko bapa. Pembeni maji yanaingia kwenye nyufa, mapande yanameguka wima, unabaki ukuta. Miamba ya chini huliwa haraka zaidi, inaacha mteremko. Elgon yetu ni volkano, hata zile kuta za Wanale, kilima cha hapo juu ya Mbale, unazoziona ukiwa mjini si mchanga.