Mkuu, usichomeke huo waya wa faiba kabla hujasoma hapa

Umeuliza utumie Debian au Ubuntu (aina za Linux) kugeuza kompyuta ya zamani kuwa geti la intaneti ya nyumbani, ukabandika sheria za faiwoli ulizozitoa kwenye video. Habari ya Debian au Ubuntu iache kwanza. Kompyuta yako ya zamani inatosha kuwa geti la nyumbani, na RAM ya GB 2 inabaki. Kilichonishtua ni hizo sheria ulizobandika. Umewasha net.ipv4.ip_forward na net.ipv6.conf.all.forwarding zote mbili, yaani mashine ipitishe pakiti za IPv4 (anwani za mtandao za zamani) na za IPv6 (za kisasa), halafu kuanzia hapo kushuka chini ni iptables tupu. ip6tables, ambayo ndiyo ya IPv6, hata mstari mmoja hamna! Umefunga komeo mlango wa mbele, nyuma nyumba haina ukuta.

iptables inashughulika na IPv4 peke yake. IPv6 ina sheria zake, na usipoziandika kernel (kiini cha Linux) inapitisha kila kitu.

Kwangu fundi alifuata video kama hiyo yako, akaniambia, "Bosi, NAT inakulinda, hakuna wa nje atakayefika ndani." NAT ni ile ya vifaa vyote vya nyumbani kutumia anwani moja ya hadhara. Mashine aliiweka iombe IPv6 na kuigawa ndani. Siku mtoa huduma alipoiwasha, simu, TV, printa na kamera ya uani kila kimoja kikapata anwani yake ya hadhara, na huko NAT haipo kabisa. Usiku mmoja mke wangu ananiamsha: kamera, ile ya kuzunguka, imegeuka yenyewe inatazama dirisha la chumba cha watoto. Nikairudisha kwa simu. Ikageuka tena. Nikachomoa waya.

Asubuhi nikaandika iptables -L, orodha ndefu, DROP (tupa) kila mahali. Nikaandika ip6tables -L: INPUT (zinazoingia), FORWARD (zinazopita), OUTPUT (zinazotoka), zote tupu, zote policy ACCEPT (ruhusu vyote).

Hawa wanaofundisha watu kwamba NAT ni faiwoli wananikera mno. NAT imeenea kwa sababu anwani za IPv4 ni chache, bilioni 4.3 tu, kuzuia wageni ni kazi ya sheria za kuchuja. Ukiwabana wanakujibu kwamba anwani za IPv6 ni nyingi sana, hakuna wa kuzikisia. Nani anakisia? Kifaa chako kinajitaja chenyewe kila kinapoongea na seva ya nje. Mwanzoni mwa 2016 ilibainika kuwa Shodan, injini ya kutafuta vifaa vilivyo mtandaoni, walikuwa wameweka seva za saa kwenye NTP Pool, kundi la seva za saa za umma: kifaa kikija kuuliza saa, anwani yake ya IPv6 inanaswa na kuskaniwa.

Kwa hiyo sheria andika mara moja, zishike IPv4 na IPv6 kwa pamoja. Futa hizo iptables zote. Tumia nftables, mrithi wa iptables, imo kwenye kernel tangu toleo la 3.13 la 2014. Andika `table inet`, siyo `table ip` ambayo ni ya IPv4 peke yake. Mnyororo wa forward uwe `policy drop`, ruhusu `ct state established,related` (majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa), kisha ruhusu kinachotoka kadi ya ndani kwenda ya nje. Basi. Masquerade (ile NAT) ya IPv4 ibaki kwenye table yake ya `ip nat`. Input nayo iwe drop, ila tanguliza kuruhusu lo (mashine kuongea na yenyewe) na kadi ya ndani, usije ukafungiwa nje ya mashine yako mwenyewe. ICMPv6 (ujumbe wa kuratibu mtandao wa IPv6) usiizuie yote. Bila hiyo vifaa havipatani na pakiti kubwa zinapotea njiani. Anayekuambia uiue "kwa usalama" ni walewale wa NAT.

Ukimaliza, jaribu kutoka nje. Wi-Fi ya nyumbani haikuonyeshi kitu. Tafuta mtu mwenye seva ya kukodi yenye IPv6, apige `nmap -6` (programu ya kukagua port, yaani milango ya mtandao) kwenye anwani ya kamera na ya printa. Ikitokea hata port moja iko wazi, chomoa faiba kwanza, halafu ulete `nft list ruleset` yako hapa. Nitaipitia leo usiku.