Sauti inanirudia imechelewa: kurekodi udi na kaswida kwa laptopu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Napiga udi, na wenzangu wanaimba kaswida na kupiga matari. Nimepata laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili, na maiki moja. Niweke programu gani? Na mbona nikirekodi, sauti yangu inanifikia masikioni imechelewa? Tena rafiki yangu aliniwekea plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kunyoosha sauti, lakini kila nikiiwasha, Bayati, ile maqamu au mpangilio wa noti tunaoimbia, inaharibika.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Weka Reaper. Unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na kwa wepesi wake GB 8 zinaitosha. FL Studio inampendeza anayejenga biti kwa kipanya, lakini toleo lake la majaribio halikubali kuifungua tena kazi uliyoihifadhi. Wewe kazi yako ni kurekodi watu. Chagua moja, kaa nayo.

Sasa huko kuchelewa. Kompyuta haipokei sauti mfululizo, huichota kwa ndoo, na ndoo hiyo ndiyo bafa. Ukirekodi kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 huchukua milisekunde 21 hivi kujaa. Kuna ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo sauti inakufikia imechelewa zaidi ya milisekunde 42, na hapo hakuna mpiga tari atakayeshika pigo. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti, uchague draiva ya ASIO, programu ya kupitisha sauti haraka kati ya kadi na kompyuta, iliyotolewa na watengenezaji wa kadi yako, kisha ushushe bafa hadi 128. Kila upande utabaki na chini ya milisekunde 3. Ukisikia sauti inakatika-katika, panda hadi 256. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, irudishe 1024, maana plagini zinahitaji nafasi ya kufanya hesabu zake. Kama kadi yako ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kitumie: sauti itakwenda kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Hedifoni za Bluetooth weka kando kabisa. Zina ucheleweshaji wake zenyewe, na bafa haiuondoi.

Kuhusu Bayati, masikio yako hayajakosea. Programu hizi huja na mambo yaliyokwisha kuamuliwa: Reaper hufunguka ikiwa na mapigo 120 kwa dakika, hesabu ya nne kwa nne, na kinanda chenye noti 12 zilizoachana senti 100 sawasawa (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti). Bayati ukiianzia kwenye re, noti yake ya pili iko karibu na senti 150 juu ya re, na wapigaji wengi huishusha kidogo tena. Plagini ya kunyoosha haiijui noti hiyo. Inaivutia kwenye 100 au kwenye 200, na zote mbili si Bayati. Basi iondoe kwenye traki za waimbaji na za udi. Mwimbaji aliyeteleza arudie mstari, ni dakika mbili tu. Nasisitiza hili kwa sababu nasikia kaswida nyingi siku hizi zimenyooshwa hadi maqamu hayatambuliki, na anayezisikiliza tangu utotoni atakua akidhani ndivyo zilivyo. Siku utakayotaka kuongeza kinanda, tafuta Surge XT. Ni ya bure, na inakubali mizani ya noti uliyoipanga mwenyewe.

Metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo, nayo izime. Rekodi tari kwanza, mpigaji mmoja anayeaminika, huku kiongozi akiimba taratibu bila maiki ili ajue mahali pa kupandisha. Wengine watafuata tari hilo. Kaswida huongeza kasi kadiri inavyokolea, na mistari ya gridi, inayogawa mapigo kwenye skrini, haina habari hiyo. Kwenye mipangilio ya kazi yako, viambie vipande vya sauti vifuate muda badala ya mapigo, ili ukigusa kasi baadaye visihame.

Chumba kitakusumbua kuliko programu. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti sana. Hamia chumba cha ndani, mbali na kichochoro, tundika magodoro au mablanketi nyuma ya mwimbaji na ubavuni, tandika mikeka, na uzime panka. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Kwa udi, iweke kama sentimita 30, ielekee pale shingo inapokutana na tumbo. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye tundu utapata mvumo mwingi.

Rekodi kwa biti 24 (biti za kompyuta, si za muziki), na vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu. Sauti ikigonga sifuri hukatika, na haina dawa. Tari hupiga kwa nguvu ghafla, kwa hiyo pima kiwango wakati mpigaji amekolea, si anapojaribu.

Kazi iliyokamilika itoe kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, uihifadhi, kisha utoe nakala ya MP3 ya kutumiana kwa WhatsApp. Hifadhi kila kitu kwenye diski ya pili pia, uiweke kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi ya Lamu hula matundu ya USB.