Mwingereza anapokwambia "get stuck in"

Kati ya misemo ya Kiingereza inayowababaisha wanafunzi wangu watu wazima, hakuna ninaoulizwa mara nyingi kama "get stuck in", kwa sababu anayejua kwamba "stuck" ni kukwama huusikia kama habari ya gari lililonasa topeni, ilhali Mwingereza anayeutamka anamhimiza mwenzake aanze kazi mara moja, kwa ari na bila kungoja kubembelezwa. Kwa Kiswahili, kujitosa ndiko kunakokaribiana nao zaidi; kufunga kibwebwe, msemo ambao wengi huukimbilia, huelekea zaidi kwenye kudhamiria kuliko kwenye kuanza kwenyewe.

Ushauri wangu wa kwanza ni kusikiliza mkazo. Katika "we got stuck in traffic", yaani tulikwama kwenye foleni, neno "in" hupita kwa wepesi na hufuatwa na kile kilichokukwamisha. Katika msemo huu "in" ndilo hubeba mkazo, na sentensi inaweza kuishia papo hapo. Ukitaka kuitaja kazi yenyewe, "in" hugeuka kuwa "into": "she got stuck into the report" maana yake ni kwamba aliivamia ripoti ile kwa bidii, wala si kwamba ilimshinda. Tofauti hii mimi huifundisha kabla ya maana, kwa kuwa sikio likishaizoea, mengine hayahitaji kukaririwa.

Mezani, mwenyeji anayesema "get stuck in" baada ya kupakua chakula anawaambia wageni waanze kula, na hakuna haja ya kungoja aseme mara ya pili. Watangazaji wa soka wa Uingereza nao humsifu kwa maneno hayohayo kiungo anayeingia kwenye mipira kwa nguvu na bila woga. Tahadhari iwe kwa Waaustralia, ambao wakisema mtu fulani "got stuck into" mwenzake huenda wana maana kwamba alimkaripia vikali.

Mahali pake ni mazungumzo ya watu waliozoeana. Katika barua ya kuomba kazi nawashauri wanafunzi wauache kabisa, waandike tu kwamba wako tayari kuanza mara moja. Na mbele ya Wamarekani, ambao wengi wao hawautumii, "dig in" itaeleweka kwa urahisi zaidi, hasa chakula kikiwa mezani.