Daulatabad kwa siku mbili: je, mama ataweza?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwezi Desemba nitakuwa Mumbai kwa shughuli za biashara, na zikimalizika nitabakiwa na siku mbili. Nitafuatana na mama yangu, ambaye magoti humsumbua anapopanda ngazi. Tungependa kuona ngome moja ya kale ya mlimani, na tuielewe badala ya kuipiga picha tu. Twende ipi, na je, mama ataweza?

JIBU: Nendeni Daulatabad, katika jimbo la Maharashtra. Pandeni treni ya usiku kutoka Mumbai hadi Aurangabad, mji ambao tangu 2023 huitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, kisha mkodi gari, kwani ngome iko umbali wa kilomita 15 hivi. Mmechagua mwezi mzuri: mvua za Juni hadi Septemba zitakuwa zimekwisha, na joto kali la Aprili na Mei bado liko mbali.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba mwipe ngome hii asubuhi nzima. Wageni wengi huipitia kwa haraka wakielekea kwenye mapango ya Ellora, mahekalu ya kale yaliyochongwa ndani ya mwamba, nami naona wanajinyima jambo lenyewe, kwa sababu Daulatabad hueleweka kwa miguu, mtu anapopanda akijiuliza kila hatua jinsi adui angepita hapo. Utavuka malango yaliyopangwa kwa kupindapinda, yenye miiba ya chuma ya kuwazuia tembo wa vita. Kisha utafika kwenye handaki lililochongwa katika mwamba, na juu yake genge lililokatwa wima hata lisipandike. Njia ya kupenya ni ujia wa giza uliotobolewa ndani ya mlima, ambamo walinzi waliweza kumshambulia adui asiyeona mbele wala nyuma. Beba tochi, na usishtuke ukiwasikia popo.

Wafalme wa Yadava ndio waliokaa hapa kwanza, wakati mlima ukiitwa Devagiri. Ala-ud-din Khalji, ambaye baadaye akawa sultani wa Delhi, alipouzingira mwaka 1296, inasimuliwa kwamba magunia yaliyodhaniwa kuwa ya nafaka yalikutwa yamejaa chumvi, na njaa ikawalazimisha waliokuwamo kusalimu amri. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliuhamishia hapa mji mkuu wake kutoka Delhi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 iliyowatesa watu wengi, na baada ya miaka michache akarejea Delhi. Ibn Battuta, yule yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliiona ngome hii akaandika juu ya gereza lake lenye panya wakubwa kuliko paka.

Kuhusu mama, hana haja ya kufika kileleni. Sehemu ya chini, yenye birika kubwa la maji, msikiti wa kale na mnara wa Chand Minar wa karne ya 15, inaweza kutembelewa bila kupanda sana, na anaweza kupumzika hapo wakati wewe unaendelea. Ukiwa njiani, litazame Chini Mahal, jumba lenye mabaki ya vigae vya buluu, ambamo Aurangzeb, mfalme wa Wamughal waliotawala sehemu kubwa ya India, alimfunga Abul Hasan, mtawala wa mwisho wa dola ya Golconda. Anzeni mapema kabla jua halijawa kali, mkiwa na maji ya kutosha. Kiingilio hulipwa kwa rupia, na wageni kutoka nje ya India hutozwa zaidi ya wenyeji.

Alasiri hiyo msiikose Khuldabad, mji mdogo ulio mbele kidogo. Aurangzeb amezikwa huko, lakini mimi ningeanzia kwa Malik Ambar, mtu aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, na hatimaye akawa mtawala halisi wa dola ya Nizam Shahi, akiwapinga Wamughal kwa miaka mingi kutoka eneo hili. Huo mji wa Aurangabad aliuasisi yeye mwaka 1610 kwa jina la Khadki. Alifariki mwaka 1626, na miaka saba baadaye mwanawe, Fath Khan, akaikabidhi Daulatabad kwa Wamughal baada ya kuzingirwa. Inanisikitisha kwamba wasafiri wengi kutoka kwetu hupita hapo bila kujua kaburi hilo ni la nani.

Siku ya pili iwe ya Ellora, mradi isiwe Jumanne, maana siku hiyo mapango hufungwa.