Kununua saksafoni ya teno Mombasa bila kupoteza pesa

Kila anayetaka kuanza saksafoni huniuliza bei kwanza. Nami humrudishia maswali mawili: utaipigia wapi, na ikiharibika nani ataitengeneza? Hapa Mombasa majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama chombo ulichokinunua kwa bei nafuu kitabaki nafuu mwaka ukipita. Hewa yetu ina chumvi, unyevu hauondoki, na mafundi wanaoijua kazi hii mjini ni wa kuhesabika. Teno nayo ina vifuniko zaidi ya ishirini, vyenye pedi za ngozi, springi nyembamba na mihimili mirefu ya chuma. Kifuniko kimoja tu kikikosa kuziba tundu lake sawasawa, sauti zote zilizo chini yake huwa taabu.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, pesa zenu zinunue mitambo imara inayoziba vizuri, na ambayo vipuri vyake hupatikana. Mng'aro wa dhahabu, michoro kwenye domo, yaani mdomo wake mpana, na kasha la kupendeza havitawasaidia kutoa sauti.

Kwanza hakikisha kwamba ni teno unayoitaka. Teno ni ya B-flati: ukipiga C yako, mpiga kinanda anasikia B-flati. Kanisani wakisema wimbo uko kwenye G, wewe unapiga A. Utazoea upesi. Uzito wake ni kilo tatu na zaidi, unaning'inia shingoni, kwa hiyo mtoto mdogo aanze na alto, saksafoni iliyo ndogo kuliko teno. Vidole ni vile vile na atahamia teno akikua. Lakini mtu mzima ambaye moyo wake umeshikwa na ile sauti nzito ya kifuani asikubali kusukumwa kwenye alto kwa sababu tu bei yake iko chini kidogo. Sisi watu wa pwani tumelelewa na muziki wa bango, na Mzee Joseph Ngala ametuonyesha jinsi saksafoni inavyoweza kuimba kama mtu. Mwenye kuipenda sauti fulani hufanya mazoezi hata siku aliyochoka.

Sasa soko. Yamaha mpya ya teno ya daraja la wanafunzi, huko Marekani kwenyewe hupita dola 2,000. Ukiiagiza, ongeza nauli na ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya jumla ya hivyo vyote. Wengi wetu hatufiki huko. Ndipo mtu anapoona mtandaoni teno mpya kabisa, imepakwa rangi nyeusi na vibonyezo vya rangi ya dhahabu, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, pamoja na kasha, glavu na kitambaa. Hapo naomba msimame kidogo.

Si kwamba kila saksafoni ya China ni mbaya. Viwanda vya huko vimepiga hatua, na viko vinavyotengeneza vyombo vya kuheshimika. Shida ni zile za bei ya chini kabisa zisizojulikana zimetoka kiwanda gani. Chuma cha vibonyezo vyake ni laini, kinapinda kwa mkono wa kawaida tu. Nguzo ndogo zinazoshika mihimili zimelehemiwa juu juu, na huachia. Pedi hazikukaa sawa tangu kiwandani. Unaipiga miezi michache, sauti za chini zinakataa, unampelekea fundi, naye anakwambia kila akinyoosha hapa pale panapinda. Mwanafunzi hudhani kasoro ni yake, pumzi zake hazitoshi, kumbe chombo kinavuja. Nimeona vijana wenye kipaji wakiacha muziki kwa sababu hiyo, na inaniuma sana.

Ndiyo maana nasema tafuta iliyotumika, ya jina linalojulikana. Yamaha YTS-23 haitengenezwi tena, lakini zimebaki nyingi duniani, na kila fundi anazijua. YTS-25 na YTS-275 ni ndugu zake wa karibu, na YTS-280 ni ya hivi karibuni zaidi. Zote ni imara, zinashika sauti vizuri, na siku ukitaka kuuza mnunuzi hakosekani. Jupiter ya Taiwan nayo ni chaguo zuri, mara nyingi kwa bei ya chini kidogo. Wataiwani wana wilaya inayojulikana kwa kazi hii, Houli, katika jiji la Taichung, na saksafoni zao za daraja la kati hazina aibu mbele ya yeyote. Ukiwa na jamaa Ulaya, huenda akakutana na Amati ya Kicheki au Weltklang ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Ni nzito na vibonyezo vyake vimekaa kizamani, lakini sauti ni pana. Kuhusu Selmer Mark VI mnayosikia ikisifiwa: ni chombo cha ajabu kweli, bei yake nayo ni ya ajabu, na anayeanza hana haja nayo. Akikuuzia mtu "Mark VI" kwa shilingi elfu themanini, ogopa.

Kuna mitego miwili kwenye saksafoni za zamani sana. Mmoja ni ile iitwayo C-melodi, iliyopendwa Marekani miaka ya 1920. Inafanana na teno, ila ni ndogo kidogo na ni ya C badala ya B-flati, na wauzaji wengine kwa kutojua huiita teno. Piga C yake ukilinganisha na kinanda. Ikitoka C, achana nayo. Wa pili ni zile zilizotengenezwa kwa kipimo cha sauti cha zamani, kilichokuwa juu kuliko cha leo. Nyingi kati ya hizo zina herufi H au HP karibu na namba iliyochongwa nyuma. Hazilingani na kinanda cha leo hata ufanyeje, na hakuna fundi wa kuziponya. Zenye L au LP ni salama.

Tukifika kwenye kukagua, hapa tulieni, maana ndipo pesa zinapookoka. Nenda mchana, na mchukue mtu anayepiga teno. Bendi za hoteli kuanzia Nyali mpaka Diani zina watu hao, na wengi wao ni waungwana. Mwombe kwa heshima, mpe nauli na chakula cha mchana, atakwenda nawe.

Kabla ya kuipuliza, itazame. Iangalie kwa urefu wake uone kama mwili umenyooka na mihimili haijapinda. Kibonyeo, yaani mahali palipobonyea, kwenye domo hakina neno. Kibonyeo kilicho karibu na tundu ni habari nyingine, kwa sababu ukingo wa tundu ukipoteza usawa pedi haiwezi kuziba. Kisha toa shingo, lile bomba lililopinda kule juu, na uichunguze kuliko kitu chochote. Watu huingiza mausipisi, kile kipande cha kupulizia, kwa kuikandamiza shingo kwa nguvu, au huinyanyua saksafoni nzima kwa kuishika hapo, mpaka inainama. Itazame kwa ubavu: bomba likiwa limebonyea na kupoteza uduara, au kuna mikunjo midogo upande wa chini, shingo hiyo imeumia. Irudishe mahali pake, kaza skrubu, halafu jaribu kuitikisa. Ikicheza, hewa inapotea hapo, na hewa inayopotea juu huharibu kila sauti.

Shika vifuniko kimoja kimoja kwa vidole viwili uvitikise kwa ubavu. Kucheza kidogo ni uzee wa kawaida. Vikigongana na kupiga kelele, mihimili imeliwa. Angalia springi. Nyingi ni sindano za chuma cha rangi ya buluu, na hapa pwani ndizo zinazoshikwa na kutu kwanza. Springi moja mbili zenye kutu si jambo la kukufukuza, hubadilishwa kwa pesa kidogo. Lakini mhimili ulioganda kwa kutu, skrubu haizunguki, usiuchukulie kuwa mchezo. Pedi ziwe laini, na alama ya duara juu ya ngozi iwe na kina sawa pande zote. Ngozi iliyokakamaa, iliyopasuka au yenye ukungu maana yake ni kubadilisha, na kubadilisha pedi zote za teno ni gharama kubwa inayostahili kuondolewa kwenye bei.

Kuna kipimo cha mwanga ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Chukua zile taa ndogo za LED za waya zinazouzwa kwa ajili ya mapambo, zitumbukize ndani ya mwili wa saksafoni kwenye chumba chenye giza, halafu ufunge vifuniko kwa mguso mwepesi. Mwanga ukichungulia pembeni mwa pedi, hapo panavuja. Ukikosa taa, kata kipande chembamba cha karatasi ya sigara, kiweke chini ya pedi, funga pole pole na ukivute; zunguka pande zote nne, mshiko uwe mmoja.

Halafu mwenzako apige. Mwambie asionyeshe ufundi. Ateremke tu kutoka G ya katikati, sauti moja moja, polepole na kwa sauti ndogo, mpaka B-flati ya chini kabisa. Teno isiyo na kasoro hutoa sauti hizo zote kwa pumzi ndogo. Ikihitaji kulazimishwa, au sauti ikigugumia, kuna uvujaji, hata kama muuzaji ataapa. Kibonyezo cha okteva, kile cha kupandisha sauti ile ile hatua nane juu, kina kipimo chake: ukikishika huku unapiga G, kile kitundu kilicho juu ya shingo kibaki kimefungwa, ukipanda A, kifunguke. Kikifunguka kwenye G, kuna chuma kilichopinda. G-shapu kunata ni ugonjwa wa kila saksafoni, pangusa pedi yake na usipoteze usingizi.

Pima ulinganifu kwa programu ya simu. A ya kinanda ni mitetemo 440 kwa sekunde, na kwenye teno unaipata kwa kupiga B. Jambo ambalo watu wa kwetu hawaambiwi ni hili: joto hupandisha sauti ya vyombo vya kupuliza, na kinanda cha umeme hakipandi. Mchana wa Februari, kaskazi inavuma na jua kali, itakubidi uivute mausipisi nje ili ulingane na wenzako. Kwa hiyo hakikisha kile kizibo kinachozunguka ncha ya shingo ni kirefu na kizima, kiishike vizuri mausipisi hata ikivutwa.

Mausipisi inayokuja na saksafoni ya bei ya chini mara nyingi haifai. Tafuta Yamaha 4C au 5C. Ni ya plastiki, bei yake ni ndogo, na imefundisha watu wengi duniani. Ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka kwenye mausipisi, anza na namba 2 au 2½ (namba ni ya ugumu wake), ziwe Vandoren au Rico. Nunua kadhaa uzitumie kwa zamu, usipige moja mpaka ife. Hizo ni za mwanzi, na unyevu wetu huzipinda. Ukishazoea, ridi ya plastiki inaweza kukufaa, japo moja ina bei ya kisanduku kizima cha mwanzi.

Katika pesa ulizo nazo, mimi hushauri robo isiguswe siku ya kununua. Hiyo ni ya fundi, mausipisi, ridi na mkanda mzuri wa kubebea. Mwenye laki moja atafute chombo cha elfu sabini na tano. Saksafoni iliyotumika ikipita kwa fundi mara moja, ikarekebishwa vizuri, huwa kama imezaliwa upya. Ikibidi kuipeleka Nairobi kwa SGR, kaa nayo behewani, na uweke vipande vya sponji chini ya vifuniko vilivyo wazi ili visigongane.

Ukishakuwa nayo, bahari ndiyo itakayopambana nawe. Usiifungie kashani ikiwa na maji. Vuta kitambaa ndani ya mwili na ndani ya shingo, pangusa vibonyezo vyote kwa kitambaa kikavu, hasa ukitoka kupiga ufukweni. Weka kashani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mafuta membamba kwenye mihimili kila baada ya miezi michache huzuia kutu. Dawa ya kung'arishia shaba ya nyumbani isiguse chombo chako: inakwangua vanishi, na mabaki yake huingia kwenye mihimili. Na kwenye buti la gari juani, hata nusu saa usiiache. Gundi inayoshika pedi huweza kulainika.

Siku ya kulipa, lipa baada ya mwenzako kuipiga, usitume hata shilingi ya "kukushikia" kwa mtu uliyemwona kwenye picha tu. Andikishianeni karatasi yenye namba iliyochongwa nyuma ya saksafoni, jina la muuzaji na bei, na ujumbe wa M-Pesa usiufute. Muuzaji wa kweli hatakasirika ukimwomba umpelekee fundi kwanza aitazame. Wengine watafuatana nawe hadi huko, wakae wasubiri.