Rafiki asiyeamini Mungu, nimkabidhi pesa?

Ndugu yangu, umesema rafiki yako ameacha kuamini Mungu, na sasa unaogopa kufungua naye biashara kwa kuwa "hana kinachomzuia kuiba".

Hoja hiyo ni ya kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mwalimu wake Socrates, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo, akiuliza: jambo takatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni takatifu, au ni takatifu kwa kuwa wanalipenda? Ukishika la kwanza, wema unasimama kwa miguu yake, na hata asiyeamini anaweza kuushika. Ukishika la pili, wizi ukiamriwa kesho utakuwa halali, na sidhani kama utakubali. (Wapo waumini wanaojibu kwamba wema ndio asili yenyewe ya Mungu. Ni jibu zito, silidharau.)

Ila wewe shida yako ni pesa, si falsafa. Basi mtazame yeye: akizidishiwa chenji, hurudisha? Deni ulilosahau kumdai, yeye mwenyewe hukukumbusha? Kisha andikeni mkataba, na akaunti iwe ya sahihi mbili. Hata angekuwa anakesha akisali, ningekwambia hivyo hivyo.