Boti haifiki mlangoni: mnara wa taa wa Cordouan

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naenda Ufaransa kwa shemeji yangu na amenipangia siku moja twende mnara wa taa wa Cordouan, ila ananiambia nibebe viatu vya kulowa manake boti haifiki mlangoni, sa mnara uko katikati ya maji tunatembeaje? Halafu hivi taa ndogo vile inaonekanaje mbali na baharini kwenyewe giza?

JIBU: Shemeji yako hakutanii, beba viatu. Cordouan uko kwenye mlango wa mto Gironde, kilomita kama 7 kutoka pwani, umesimama juu ya mwamba ambao maji yakijaa unafunikwa, yakipwa unatokeza pamoja na mafungu ya mchanga, ndo mana safari zinafuata maji kupwa na kujaa na saa ya kuondoka inabadilika kila siku. Mnashushwa kwenye mchanga mnamalizia kwa miguu, pengine maji yanafika magotini. Vaa vinavyoshika chini, sio ndala, mwani unateleza vibaya sana. Na mwongozaji akisema turudi basi rudini.

Ulimalizika kujengwa 1611, ndani kuna kanisa dogo na chumba cha mfalme, na tangu 2021 uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Ngazi ni 301, panda taratibu.

Sasa hiyo taa, hapo ndo penyewe. Mwanga ukiuacha hivihivi unatawanyika kila upande, mwingi unapotelea angani bure. Ungeweza kuukusanya kwa lenzi nene, ila lenzi ya ukubwa ule ingekuwa bonge la kioo, zito, na lenyewe linameza mwanga. Augustin Fresnel, mwanafizikia Mfaransa, akagundua kwamba kinachopinda mwanga ni ule mviringo wa juu tu, unene wa ndani hauna kazi, akautoa, akabakiza pete za kioo zimezungukana, kila pete imechongwa kwa pembe yake ili miale yote itoke imelala sawa kuelekea baharini. Lenzi yake ya kwanza mnarani iliwashwa hapohapo Cordouan, 1823. Miaka minne baadae kifua kikuu kikamuua, ana miaka 39, mi hapa huwa naumia kweli manake mabaharia waliofika nyumbani kwa kazi yake hawahesabiki.

Usiku ukiwa pwani ihesabu: inafifia mara mbili, halafu mara moja, kila sekunde 12 inaanza upya, kila mnara una mwendo wake na baharia anautambua kwa huo kama unavyomjua mtu kwa sauti. Ukiiona nyekundu au kijani wakati mwenzio alie sehemu nyingine anaona nyeupe msibishane, rangi inategemea mmesimama upande gani, ndo inavyomwambia nahodha yuko wapi.

Ukifika juu wengi wanageukia bahari wapige picha. We anza na kioo.